Maswali ya Muziki: Mwaka wa Chati Si Mwaka wa Kalenda

SWALI: Mhariri, salamu. Hoteli moja ya ufuoni imenipa kazi ya kupiga nyimbo zilizovuma Marekani mwaka 1983, saa 6 mfululizo. Ninayo orodha ya mwisho wa mwaka huo ya Billboard, jarida la muziki la Marekani. Mbona “Say Say Say” ya Paul McCartney na Michael Jackson haimo, na Desemba ilikuwa namba 1? Pia nasikia wimbo wa kwanza wa mwaka lazima uwe umeshika namba 1. Ni kweli? — Dijei, Malindi

JIBU: “Say Say Say” ilipanda namba 1 tarehe 10 Desemba 1983 ikakaa wiki 6, lakini Billboard hufunga hesabu ya mwaka kabla ya Desemba ili orodha iwahi kuchapishwa. Kinachovuma baada ya hapo huhesabiwa mwaka unaofuata, kwa hiyo itafute katika orodha ya 1984: ni ya 3. “All Night Long” ya Lionel Richie, iliyoongoza wiki 4 kuanzia Novemba 1983, nayo imeangukia huko huko. “Physical” ya Olivia Newton-John ilianza kuongoza Novemba 1981, ikawa wimbo wa kwanza wa 1982.

Hilo la pili si kweli. Enzi hizo wimbo ulipata alama kila wiki kulingana na nafasi yake, kisha alama zikajumlishwa. Unaokaa juu-juu miezi mingi bila kufika kileleni unaweza kuupita uliopaa na kuporomoka. “Wooly Bully” ya mwaka 1965 na “Breathe” ya Faith Hill mwaka 2000 hazikuvuka namba 2, na zote zilimaliza mwaka mbele. “Levitating” ya Dua Lipa ilifanya vivyo hivyo 2021. “We Are the World” iliongoza wiki 4 mwaka 1985, ikamaliza ya 20!

Sasa kazi yako. Anza na orodha ya 1983. Tano za juu ni “Every Breath You Take”, “Billie Jean”, “Flashdance… What a Feeling”, “Down Under” na “Beat It”. Kisha chukua ya 1984 uchomoe zilizoingia chati ya wiki kabla ya Januari. Mwishowe futa zilizotamba mwishoni mwa 1982, maana zimo katika ya 1983 kwa sababu ile ile.

Kwa dakika 4 kila wimbo, saa 6 ni nyimbo 90. Beba 120, kwani ukichanganya hutapiga wimbo mzima. “Every Breath You Take” na “Billie Jean” zote zina mapigo kama 117 kwa dakika, zinaungana bila taabu. Angalia urefu wa faili: “All Night Long” ya albamu inapita dakika 6, ya redio ni 4 na kidogo. Jihadhari na makusanyo ya bei poa. Mara nyingi mwimbaji amerekodi upya uzeeni, na wageni wa rika hilo hugundua kabla ya kiitikio.

SWALI: Orodha ya nyimbo 100 za 1997 haina “Don’t Speak” ya No Doubt. Wameisahau? — Msomaji, Lamu

JIBU: Hawakuisahau, ilizuiwa na sheria. Hadi Desemba 1998 wimbo usiouzwa peke yake kama singo haukuruhusiwa kuingia Hot 100, chati kuu ya Billboard ya kila wiki, hata upigwe vipi redioni. Kampuni nyingi zilikataa kutoa singo ili mnunuzi alazimike kununua albamu nzima. “Don’t Speak” iliongoza chati ya redio wiki 16 bila kugusa Hot 100. “Torn” ya Natalie Imbruglia iliongoza redio wiki 11. Sheria ilipobadilika ilikuwa imeshapoa, ikaishia namba 42. Kwa miaka ya 1995 hadi 1998, basi, soma chati ya redio sambamba na ile kuu.