Robin Hood Bila Mfuko wa Dhahabu

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika riwaya ya Robin Hood, yule mwizi wa ngano za Kiingereza anayewaibia matajiri akawapa maskini, ila nataka iwe Uingereza ya karne ya 13 kama ilivyokuwa, si ngano. Nimeondoa mshale unaopasua mshale mwenzake, nimeondoa na vituko vya mtawa mnene. Mfuko wa dhahabu bado upo, na shujaa wangu ananyongwa kwa kuua kulungu wa mfalme. Kaka yangu amesoma sura tatu, anasema nimemnyonyoa kuku nikasahau kumpika. Nirudishe nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usirudishe kitu. Shida yako ni kwamba umetoa tu, hujatia.

Anza na shilingi 32 na peni 6. Mwaka 1225 mahakama iliketi katika mji wa York, na mali ya mtu mmoja aliyeitwa Robert Hod, mtoro aliyekimbia sheria, ikaandikwa kwa thamani hiyo katika hesabu za mfalme. Kama ndiye huyo wa hadithi, hakuna wa kula kiapo. Lakini wewe ni mtunzi, si hakimu! Jiulize vilihesabiwa vitu gani. Mimi namwona karani akimpapasa ng'ombe mbavu huku mwenye ng'ombe amejificha kichakani, anasikia mali yake ikitajwa bei. Hapo tayari una sura ya kwanza.

Mfuko wa dhahabu nao uache. Wakati ule Mwingereza alishika peni ya fedha, basi. Akitaka nusu, peni inakatwa vipande viwili. Shilingi haikuwa sarafu, ilikuwa namna ya kuhesabu peni 12. Kwa hiyo mali ya Hod ni peni 390, yapata nusu kilo ya fedha. Mtu aweza kuuawa kwa mzigo unaoingia kwenye soksi.

Umeniambia pia kwamba shujaa wako ananyongwa kwa kuua kulungu wa mfalme. Hapana. Mkataba wa Msitu wa 1217, yaani sheria ya misitu ya mfalme, ulishafuta adhabu ya kifo na ya kukatwa viungo kwa kosa hilo. Ilibaki faini, na asiye na cha kulipa alifungwa mwaka mmoja na siku moja. Ukatili ulikuwa kwenye mambo madogo: mbwa wa wakazi wa msituni walikatwa kucha tatu za mguu wa mbele wasiweze kukimbiza wanyama. Mpe mtoto wa shujaa wako mbwa wa namna hiyo, anayechechemea.

Mtu alifanywa mtoro hivi: jina lake linaitwa barazani, kikao baada ya kikao, naye haji. Mwishowe anahesabiwa kichwa cha mbwa mwitu, yaani mtu asiyelindwa tena na sheria, na ardhi yake inakwenda. Mlete mama yake kwenye vikao hivyo vyote, asikilize.

Marian, mpenzi wa Robin katika hadithi, mwache. Aliingia baadaye, kupitia michezo ya sherehe za Mei. Na mfalme wa tungo za zamani ni Edward, wala si Richard.

Nitumie sura ya ng'ombe, kurasa kumi zisizidi.