Muvi yako ya uhalifu waitengenezea nani hasa?

Muvi yangu ya mradi wa mwisho chuoni ilikua ya dakika 12, kijana wa Likoni, Mombasa, anaingizwa na mjombake kwa kazi ya kuiba simu pale feri, na siku ya kulitetea wazo mwalimu akaniuliza swali moja tu, hii ataitazama nani? Nikamjibu bila wasiwasi, kila mtu mwalimu, nani hapendi mambo ya majambazi. Akafunga faili yangu akaita anayefuata.

Usiku huo nikaunda fomu ya Google nikairusha kwa grupu la WhatsApp la darasa, swali la kwanza "Je, unapenda muvi za uhalifu?" Kufika asubuhi nina majibu 43, karibu wote ndio, nikafurahi kama mjinga. Sasa fikiria, waliojibu wote wasoma filamu kama mimi, wana laptopu, wana waifai ya bure, na ni marafiki zangu, nani angeniambia hapana?

Kama uko hapo sai, lifute hilo swali la unapenda. Mtu ukimuuliza apenda nini atakupa jibu la kumfanya aonekane mjanja. Muulize muvi ya mwisho ya uhalifu aliyoimaliza ni gani, alikua wapi, saa ngapi, kwa simu ama kwa tivii, nani alikua kando yake, na ile aliyoiacha katikati aliichokea wapi. Hapo akumbuka, hatungi.

Halafu toka nje. Mimi nilienda kibanda kimoja cha video Kongowea, vile vinavyoonyesha muvi zilizotafsiriwa na madijei, nikalipa nikakaa benchi la pembeni nikawa sitazami skrini, natazama watu. Kulikua na mzee wa mkokoteni, risasi zinalia yeye amelala fofofo mdomo wazi, lakini jambazi alipopigiwa simu na mamake, akaanza kumdanganya ati yuko kazini, mzee akafungua macho na kumwambia jirani yake anyamaze. Niliandika hiyo kwa daftari nikapiga mistari miwili chini yake.

Baadaye nikakusanya watu sita kwa binamu yangu Bamburi, mahamri na mbaazi nimenunua mimi (bajeti ya utafiti ilikua hiyo tu), nikawasomea hadithi. Kosa la kwanza, nilimwacha shemeji mkubwa azungumze mwanzo, na akishasema "nzuri sana" wadogo wote wakasema nzuri sana. Wape karatasi waandike kwanza ndo muongee. Kosa la pili ndilo lililoniuma, nilisoma sini ya panga bila kuonya, dada mmoja akainuka akaenda jikoni, kumbe alishavamiwa akirudi kazini. Huku kwetu mambo hayo si ya muvi tu, waambie watu mapema kuna nini ndani na mtu awe huru kutoka.

Yule dada ndiye aliyenibadilishia kila kitu lakini. Alirudi akauliza, mamake huyo kijana yuajua? Na mie nilikua sijamuandika mama kabisa! Wanawake wote wa pale walitaka mama, na wote hutazama usiku wamelala ubavu, simu mkononi, erifoni sikio moja ili wamsikie mtoto akilia. Ndo nikaandika mtazamaji wangu mmoja kwa ukurasa mzima, nikamwita Dada wa Bamburi, miaka 24 hadi 35, bando ya usiku, skrini imepasuka kona. Umri na jinsia pekee havitoshi, andika ata mwangaza wa simu yake, manake sini zangu za usiku nilipozijaribu kwa simu ya bei rahisi zilikua giza tupu, huoni mwizi wala anayeibiwa. Na polisi wangu walikua waongea Sheng ya Nairobi, binamu alicheka mpaka chai ikammwagikia.

Jambo la haraka, angalia alama za umri za KFCB, ile bodi ya Kenya ya kuainisha filamu, kabla ya kumaliza skripti, ziko GE (ya watu wote), PG (mtoto aangalie na mwongozo wa mzazi), 16 na 18. Ukisema walengwa wako ni wanafunzi wa sekondari halafu damu yako ni ya 18, umejifungia mlango mwenyewe.

Tukaongeza mama. Sini ya kwanza kabisa anafagia chini ya kitanda, ufagio unagonga mfuko, ndani simu tisa na moja yaita.

Nilipoiweka YouTube nikafungua ule mstari wa kuonyesha watu wameacha kutazama dakika gani. Kwenye sini ya mama mstari ulikua umelala sawa. Ulianguka dakika ya saba, kwenye ile mbio ya vichochoroni Old Town niliyoipiga siku mbili na ndo naipenda kuliko zote, na bado sijaikata.