Kabla Hujanunua Gia Nyingine ya Gari Lako la Rimoti

Kwa miezi miwili mfululizo nilikuwa nikivunja gia ile ile. Gari langu ni la mashindano, la kipimo cha 1/10, yaani moja ya kumi ya gari halisi, linalovuta kwa magurudumu yote manne, na kila baada ya kumaliza chaji ya betri nne au tano difu ya nyuma ilianza kulia kama mtu anayetafuna bisi, kisha gari likasimama huku mota ikizunguka bure. Nikifungua, nakuta krauni, ile gia kubwa ya difu, imekatika meno matatu au manne yanayofuatana. Nikaagiza nyingine, nikaifunga, nikaivunja. Mara ya tatu nikaagiza ya chuma pamoja na pinioni yake, yaani gia ndogo inayoizungusha, zikachukua wiki kadhaa kufika Arusha kwa bei ambayo sikuthubutu kuitaja nyumbani. Hizo hazikukatika. Zilikatika shafti za magurudumu, na baadaye beringi ya pinioni ikapasuka.

Aliyenionyesha kosa langu ni fundi wa gereji ambaye hajawahi kushika rimoti maishani mwake. Kazi yake ni kufungua difu za magari ya watalii. Nilimpelekea giaboksi yangu kwa mzaha, akaiweka kiganjani, akaishika shafti ya pinioni kwa vidole viwili, akaisukuma na kuivuta. Ikacheza, kidogo sana, lakini ikacheza.

"Kijana, gia umeionea bure," akasema. "Nyumba yake ndiyo imechoka."

Maelezo yake yalikuwa mafupi, na tangu siku hiyo nayatumia kabla ya kununua chochote. Krauni na pinioni zinapobeba mzigo husukumana ili ziachane. Kinachozizuia ni beringi, na kinachoishikilia beringi ni kasha la plastiki lenye skrubu chache. Kasha likilegea hata kwa sehemu ndogo ya milimita, meno yanashikana kwenye ncha tu, na nguvu iliyopaswa kubebwa na jino zima inabebwa na ukingo wake. Ukizungusha kwa mkono mezani utaona kila kitu kiko sawa, kwa sababu mkono wako hauna nguvu ya kulitanua kasha. Mota inayo. Mota ya 3300 kV, yaani mizunguko 3,300 kwa dakika kwa kila volti, kwenye betri ya volti 7.4 inakaribia mizunguko 24,400 kwa dakika ikiwa haina mzigo. Ukiweka betri ya volti 11.1, kama nilivyofanya mimi kwa tamaa, inavuka 36,000.

Namna ya kuchunguza ni ile ile wanayotumia mafundi wa magari makubwa, isipokuwa badala ya rangi yao mimi hutumia kalamu ya wino mzito. Safisha krauni, paka wino kwenye meno kama kumi, funga kasha kwa skrubu zote, kisha zungusha pinioni huku mtu mwingine akiyazuia magurudumu kwa mkono ili kuwe na mzigo. Fungua utazame mahali wino ulipofutika. Ukifutika katikati ya jino, pana na sawasawa, gia zimekutana vizuri. Ukifutika nchani peke yake, ziko mbali. Ukifutika kwenye shina la jino, zimebanana mno. Yangu yalikuwa yamefutika ukingoni tu, mstari mwembamba kama uzi.

Dawa ya kwanza ni beringi. Ziondoe zote, uzungushe kila moja kidoleni, na yoyote inayokwaruza au kuyumba uitupe bila kuionea huruma. Tazama pia mahali inapokaa: plastiki ikiwa imeng'aa pande zote, basi pete ya nje ya beringi imekuwa ikizunguka ndani ya kasha, na hapo hakuna ujanja wa gundi utakaodumu, nunua kasha jipya, ambalo kwa kawaida ni rahisi kuliko gia za chuma. Baada ya hapo ndipo huja shimu, zile washa nyembamba za milimita 0.1 au 0.2. Hamisha moja kutoka upande mmoja wa difu kwenda upande wa pili ili krauni isogee kwenye pinioni, funga, rudia wino. Mimi nilirudia mara sita jioni moja, na mara ya sita ndipo nilipoona doa pana katikati ya jino.

Skrubu nazo zina adabu yake. Kila unapofungua kasha la plastiki na kulifunga tena, kuna hatari ya skrubu kujichimbia njia mpya na kuila ile ya zamani. Kwa hiyo izungushe kwanza kinyume, polepole, mpaka uisikie ikidondoka kwenye njia yake, ndipo uikaze. Gundi ya kuzuia skrubu kulegea ni ya chuma kwa chuma, kama ile skrubu ndogo ya pinioni ya mota, ambayo lazima ikae juu ya sehemu bapa ya shafti. Usiipake kwenye plastiki, kwa maana baadhi ya aina za plastiki hupasuka zikiguswa nayo.

Kwenye gia kubwa ya nje na pinioni ya mota, niliwahi kufanya kosa la kijinga. Nilinunua pinioni ya moduli 0.6 nikaifunga kwenye gia ya pichi 48; moduli na pichi ni vipimo viwili tofauti vya ukubwa wa meno. Kwa macho zinafanana kabisa. Kwa hesabu, pichi 48 ni sawa na moduli 0.53 hivi, na tofauti hiyo ilitosha kuila gia nzima kabla betri haijaisha. Soma namba kabla ya kulipa. Ukishapata zinazolingana, weka kipande cha karatasi ya kawaida katikati yake, zisukume zikutane, kaza mota, toa karatasi, kisha ujaribu sehemu tatu au nne za mzunguko, kwani hakuna gia ya plastiki iliyo duara kamili. Usipake grisi hapo. Vumbi la huku kwetu likichanganyika na grisi huwa msasa.

Limebaki jambo la klachi ya kuteleza, ile inayoteleza kidogo ili mshtuko usiingie wote kwenye gia, ambayo wengi huikaza hadi mwisho ili gari liondoke kwa kishindo. Mimi nailegeza mpaka niisikie ikiteleza kwa nusu mita hivi gari linapoanza kuondoka. Kuna pia uendeshaji wenyewe: gari likiruka ukiwa umeshikilia mafuta, kama tunavyozoea kusema ingawa mafuta hayamo, magurudumu huzunguka kwa kasi hewani na kusimamishwa ghafla yanapogusa ardhi, na mshtuko wote huingia kwenye difu. Punguza kabla ya kutua.

Giaboksi mpya huiendesha betri mbili za kwanza kwa upole, kisha naifungua tena, naosha, na kurudia wino. Mara ya mwisho nilipofanya hivyo nililazimika kuongeza shimu moja ya 0.1 upande wa kushoto. Krauni iliyomo ni ile ya kawaida, isiyo ya chuma, na ina msimu mzima sasa.