Pushirodi imepinda kwenye dizeli ya boti? Kagua ekzosti kabla hujanunua nyingine

Mkuu nimesoma maelezo yako mpaka mwisho. Dizeli ya silinda 4 ndani ya boti, imekaa nangani muda msimu huu wa kusi, kuwasha tu ikaanza kugonga tak tak tak juu kwenye kava, nguvu hamna, moshi mweupe, na inakohoa kupitia eya klina. Fundi kafungua kava kakuta pushirodi moja imepinda (ile fimbo inayosukuma valvu ifunguke), anataka aweke nyingine, aseti tapeti (yaani mwanya wa valvu), jumamosi muingie baharini. Mimi mashine za boti ndio kazi yangu, hapa Dar kuanzia Msasani mpaka Kunduchi, na nakuomba sana umzuie kwanza.

Pushirodi haipindi yenyewe. Ipo pale kama fyuzi, kamshafti inasukuma kwa nguvu zote, huku juu valvu imegoma kusogea, basi anayeumia ni ile fimbo nyembamba katikati. Ukiweka mpya na valvu bado imeng'ang'ania utapinda na hiyo, na ukikosa bahati safari hii inavunjika roka, ule mkono unaokandamiza valvu, au tapeti yenyewe, kile kipande kati ya kamshafti na pushirodi, inapasuka na vipande vinadondokea kwenye kamshafti, hapo tena unaongelea kutoa injini nzima botini. Na kama fundi anasema ataigonga inyooke airudishe, mwambie hapana. Ikishapinda imepinda.

Swali la kwanza la kumuuliza: iliyopinda ni ya inteki (valvu ya kuingiza hewa) au ya ekzosti (ya kutoa moshi)? Fuata tu bomba, valvu iliyo usawa wa manifoldi ya ekzosti, ile inayokusanya moshi wa silinda zote, ndio ya ekzosti. Kwa dalili zako naona kabisa ni ya ekzosti. Valvu ya ekzosti isipofunguka, moshi wa ile silinda unakosa pa kutokea, unabaki umebanwa mle ndani mpaka inteki ifunguke, ndipo unarudi nyuma kwa kishindo kwenye eya klina. Fungua eya klina uone kama ina masizi meusi. Na hapo kuna hatari nyingine watu hawaijui, inteki ya silinda hiyohiyo inalazimika kufunguka ikipambana na presha yote ile, kwa hiyo pushirodi yake nayo inaweza kuwa imeanza kuinama. Toa pushirodi zote nane, zipange kwa namba zisichanganyike, kisha viringisha moja moja juu ya kioo cha dirisha, iliyopinda utaiona inarukaruka.

Sasa kwa nini valvu ya ekzosti ndio imegoma? Hapa ndipo boti inapoachana na gari, na mafundi wetu wengi wamekulia kwenye zile Yamaha Enduro za tu-stroku ambazo hazina kamshafti wala valvu za namna hii, kwa hiyo siwalaumu. Dizeli nyingi za ndani ya boti zinapoza ekzosti kwa maji ya bahari, maji yanaingizwa kwenye kile kiwiko kinachotoka manifoldi, yanatoka nyuma pamoja na moshi. Yakitoka salama hamna shida. Yakirudi nyuma yanaingia kwenye manifoldi, na siku zote injini ikisimama kuna valvu ya ekzosti ambayo imebaki wazi. Chumvi inakaa kwenye shina la valvu, kutu inaota ndani ya gaidi, kile kibomba ambamo shina linapanda na kushuka, valvu inaganda. Boti ikikaa wiki mbili tatu bila kuwashwa, imetosha.

Kuna boti moja ya kupeleka wageni visiwa vya Bongoyo na Mbudya niliipokea ikiwa hivihivi kama yako. Ilikuwa inafungwa usiku matako yakiangalia bahari, mawimbi ya kusi yanapiga bomba la nyuma usiku kucha, na kile kipande cha bomba kinachotakiwa kupanda juu ili maji yasirudi kilikuwa kimelala kabisa. Mwenye boti alishabadilishiwa pushirodi na fundi mwingine kabla haijafika kwangu. Nilivyofungua kiwiko cha ekzosti ndani kulikuwa na magamba ya kutu na chumvi nyeupe mpaka kwenye midomo ya manifoldi, pale pale nikajua hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu, lazima ishuke.

Kwa hiyo kabla hujagusa starta tena, naomba ufuate hili. Chomoa kijiti cha oili, ikiwa kama chai ya maziwa maji yameshafika chini, oili hiyo imwage leo hii usingoje kesho. Halafu toa nozeli zote nne za kupulizia dizeli, zungusha krenki kwa mkono taratibu na spana. Kama kuna maji juu ya pistoni yatatoka kwenye matundu ya nozeli, ukipiga starta na maji yamo ndani unapinda konrodi, fimbo inayounganisha pistoni na krenki, na hapo bei inakuwa nyingine kabisa.

Baada ya hapo toa shafti ya roka, laza rula ya chuma juu ya ncha za mashina ya valvu. Zikiwa zimefunga zote zinatakiwa kulingana, iliyozama chini kuliko wenzake imeganda ikiwa wazi na inawezekana pistoni imeshaibusu. Zikilingana, gonga ncha ya kila shina kwa nyundo ya plastiki, nzima inashuka kidogo na kurudi haraka na springi, iliyoganda inakataa au inarudi kivivu. Hakikisha tu pistoni ya silinda hiyo haipo juu.

Kuna watu watakwambia mwagia dizeli na oili ya giaboksi kwenye shina, gonga gonga mpaka ilegee, maisha yaendelee. Italegea kweli. Mimi nakubali hiyo njia kama uko katikati ya maji unataka kufika nyumbani, lakini kwa boti inayobeba watu sikubali, maana shina lenye vishimo vya kutu litaganda tena na hujui litagandia wapi.

Shusha hedi. Valvu ikitoka cheki shina, likiwa na vishimo tupa, usilipige msasa ukasema limekuwa safi kwa sababu umeshalipunguza na litacheza kwenye gaidi. Gaidi nayo ipimwe kwa valvu mpya. Saga siti, pale valvu inapokalia, kwa pesti ya kusagia mpaka uone duara la kijivu lisilokatika, funga springi, geuza hedi, jaza petroli kwenye tundu la ekzosti usubiri, ikivuja upande wa pili bado. Chungulia pia tapeti za silinda hiyo, uso wake uwe laini bila kuchimbika, na upime kamshafti inainua kiasi gani ukilinganisha na jirani zake. Wakati wa kurudisha, bolti za hedi zikazwe kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza) na kipimo cha kitabu cha injini yako. Fundi asiye na toki renchi aazime, usikubali akaze kwa kukisia.

Kuseti tapeti kwenye silinda 4 ni rahisi, 1 anaenda na 4, 2 anaenda na 3. Zungusha mpaka valvu za namba 4 ziwe zinapishana, moja inamalizia kufunga nyingine inaanza kufunguka, hapo unaseti namba 1. Za 1 zikipishana unaseti 4, vivyo hivyo kwa 2 na 3. Kipimo cha fila geji (vibati vya kupimia mwanya) usichukue cha jirani, Yanmar zile za GM ni milimita 0.2 injini ikiwa baridi, Perkins 4.108 ni 0.30, yako angalia kitabu chake. Kisha washa kava likiwa wazi, kwa mizunguko ya chini, uhakikishe oili inafika kwenye kila roka.

Afu ndio ekzosti, na hii ifanyike kabla boti haijarudi kazini. Kiwiko kikiwa kimeliwa nunua kipya. Bomba lipande juu ya usawa wa maji kabla ya kushuka kwenda nyuma, na kama injini imekaa chini ya usawa wa maji, mpira wa maji ya bahari uwe na kile kiwiko cha juu chenye kivuta hewa kinachozuia maji yasijivute yenyewe, ukisafishe maana chumvi inakiziba. Na ukipiga starta mara nyingi injini haiwaki, funga koki ya maji ya bahari, kwa sababu pampu inaendelea kujaza ekzosti na hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Ikiwaka tu, fungua koki hapohapo kabla impela, ile panka ya mpira ndani ya pampu, haijaungua.

Kesho fungua kiwiko tu, ni bolti chache. Piga picha ya ndani, na picha ya bomba lote kuanzia injini mpaka nyuma ya boti, tupia hapa niangalie limepandishwa kiasi gani.