Umetoka wodini, sukari umetoka nayo

Dada, mama ameruhusiwa hospitalini na chupa mbili za insulini, ile dawa ya kisukari ya kudunga. Nyumba yetu ni ya mabati na friji hatuna. – Binti, Mukuru

Usikope friji, binti yangu. Chupa iliyofunguliwa hukaa nje kama wiki nne, mradi isipigwe na jua wala joto kali. Iandike tarehe ya kuifungua. Tafuta vyungu viwili, kimoja kikae ndani ya kingine, ujaze mchanga katikati na kuumwagia maji asubuhi na jioni. Chupa iwe kwenye mfuko mkavu ndani ya chungu kidogo, ufunike kwa kitambaa kibichi, mbali na jiko. Ile ya pili, waombe kituo cha afya kilicho karibu wakuwekee kwenye friji yao. Isilale kwenye friza ya dukani: insulini ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka.

Baba ni kibarua wa mjengo. Kazi ikikosekana hatuli, lakini anajidunga vilevile alivyoambiwa. Juzi alianguka stejini, watu wakadhani amelewa. – Kijana, Mathare

Pole sana. Hili linaniuma, kwa sababu dozi ile iliandikiwa mtu anayekula mara tatu na huenda hakuna aliyemuuliza baba yako anakula mara ngapi. Insulini ikiingia na chakula kikose, sukari hushuka: anatetemeka, anatokwa jasho baridi, maneno yanamchanganyikia. Kama anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, ungoje dakika 15, umpime. Ikiwa kipimo cha sukari bado ni chini ya 4 (mmol/L), rudia, kisha ale. Akizirai usimtie chochote mdomoni; mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Asiache sindano kwa uamuzi wake, maana kuna wanaoweza kufa kwa kuiacha siku chache tu. Rudi naye kliniki wiki hii, useme bila haya: "Kuna siku tunakula mara moja." Daktari anaweza kubadilisha dawa, kipimo au saa. Mkiwa hapo, ulizeni ofisi ya maafisa wa ustawi wa jamii. Hospitali kubwa za umma zinayo, nao ndio husikiliza wasioweza kulipa. Mtaani, muulize mzee wa mtaa mhudumu wa afya ya jamii anayesimamia ploti yenu ni nani. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wenye mikoba ya vifaa, na kipima sukari kimo.

Je, nimpikie mume wangu chakula chake peke yake? – Mama, Kayole

Hapana. Sukuma, ndengu na omena ni vya nyumba nzima. Kipande chake cha ugali kipungue, mboga iongezeke, chai asitie sukari. Sufuria mbili zitamaliza makaa na kumfanya mgeni kwake.

Nilikatwa kidole cha mguu. Chama walinichangia, kisha wakanyamaza. Mmoja tu aliniletea uji wodini. – Mama, Kawangware

Mara nyingi watu hunyamaza kwa kukosa neno la kusema, mama. Omba mkutano ujao ufanyike kwako. Waambie unahitaji wa kutembea naye jioni na wa kukuangalia nyayo kila siku, maana kidonda kipya unaweza usikisikie. Usingizi na hamu ya kula vikipotea wiki mbili, lieleze kliniki. Huzuni hiyo huwapata wengi wenye kisukari na inatibika. Yule wa uji mpigie leo.