Kipimo cha damu kikisema Down: kabla hujaamini ya mtaani

Msomaji aliyeko Columbus, Ohio, ameandika kwamba damu ya mkewe imeonyesha uwezekano mkubwa wa mtoto kuwa na sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa na kromosomu (kifurushi cha vinasaba) moja ya ziada. Kanisani wameambiwa mama akitamka tu habari ya kutoa mimba, anafungwa. Huo ni uzushi, nao unawanyima watu usingizi bure.

Sheria inayotajwa ni ya jimbo la Ohio, H.B. 214, aliyoisaini gavana John Kasich Desemba 2017. Inamlenga daktari: akitoa mimba huku anajua kwamba Down ni sababu, hata kama si sababu pekee, anakabiliwa na jinai ya daraja la nne, kifungo kisichozidi miezi 18, na kupoteza leseni. Mama hashtakiwi. Kila kitu kinaning'inia kwenye alichokijua daktari, ndiyo maana familia huishia kunyamaza mbele ya mtu yuleyule waliyepaswa kumuuliza. Mnaoipigania sheria hii, hata nia ikiwa njema, hilo mnapaswa kulijibu.

Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Sita, ya serikali kuu, iliiruhusu itumike Aprili 2021, kura 9 kwa 7. Lakini Novemba 2023 wapiga kura waliingiza haki ya uzazi kwenye katiba ya Ohio, kwa hiyo makala yoyote ya kabla ya hapo imechacha. Muulize wakili wa Ohio, si shemeji aliyeko jimbo jirani la Indiana. Kule utoaji mimba karibu wote umepigwa marufuku tangu Agosti 2023. Msamaha uliopo kwa kasoro za mtoto ni wa zile za kumuua, na Down haimo.

Sasa karatasi ya maabara. Kipimo cha damu, kinachofanyika kuanzia wiki ya 10, kinakisia tu. Vinasaba vinavyosomwa hutoka kwenye kondo la nyuma, na kondo linaweza kuwa na hitilafu ambayo mtoto hana. Pacha aliyekufa mapema naye huvuruga majibu. Kadiri mama alivyo kijana, ndivyo jibu la "ndiyo" linavyoweza kuwa la uongo zaidi. Uliza hivi: "Kwa umri wangu, jibu hili lina uwezekano gani wa kuwa kweli?" Ukipewa tu ile asilimia 99 ya usahihi inayotangazwa kwenye kipeperushi, hujajibiwa.

Uhakika unatokana na sindano ya kuchukua sampuli: kipande cha kondo kati ya wiki ya 10 na 13, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Majibu ya awali hutoka ndani ya siku chache. Kusoma kromosomu zote huchukua wiki moja hadi mbili. Wanaosubiri ultrasaundi ya wiki ya 20 ndipo waombe sindano hujikuta wamebanwa na kalenda.

Omba pia mshauri wa vinasaba, na mkalimani wa Kiswahili. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kumtoa bila malipo. Mtoto wenu wa miaka 12 asifanywe mkalimani wa kikao hicho.