Barua kwa mwanangu: njia ya Shimba

Mwanangu,

Salamu nyingi. Sisi huku hatujambo. Kusi linavuma, samaki amepanda bei, na babako bado anagombana na fundi wa bomba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa saa tisa za usiku, maana huko Montana ilikuwa jioni na wewe umesahau tena kwamba tumewatangulia kwa saa tisa.

Umeuliza hivi: katika vijana wako wanane wa kutengeneza njia za porini kuna mmoja, amekuzidi miaka miwili, na kila unaloamua ana la kusema. Mmetoka kuoga na kununua chakula, keshokutwa mnarudi ndani ya pori la Bob Marshall kwa siku nyingine tisa, na bosi wako amekwambia ukitaka, huyo abaki. "Mama, nimwache?"

Jibu ninalo, na lilinijia kabla hujamaliza kusema. Lakini mwishoni ukacheka ukasema, "Wewe ungejua la kufanya, si wewe uliyepindisha njia ya Shimba?" Basi mwanangu, hilo ndilo lililoniamsha kitandani, na ndilo nitakalolijibu.

Kisa unakijua. Kila Idi babako hukisimulia akishashiba: mamako alikuwa na miaka 23, mwanamke peke yake katika vijana wa kiume kumi na mmoja, akaitazama njia akasema haitakaa, ipindisheni, wakaipindisha. Chumvi ni ya babako, lakini miaka yote hii nimeila nikanyamaza.

Ilikuwa 1998. Mvua za El Niño zilianza Oktoba mwaka uliotangulia, na zilipokwisha, Pwani nzima ilikuwa mashimo. Kukawa na mradi wa kukarabati njia za miguu ndani ya msitu wa Shimba Hills, wakaandika vijana wa Kwale. Mimi walinitoa Majengo nikawe msimamizi, si kwa kujua jembe. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri wa kujaza rejista. Tulilala humo humo kwenye mahema, kwa kuwa barabara ilikuwa mbali na mapanga, sururu na mafyekeo hayabebeki kila jioni. Askari mwenye bunduki alilala nasi kwa ajili ya ndovu. Sima na maharage asubuhi, sima na maharage usiku. Alfajiri moja nilimwona palahala dume amesimama kwenye majani, mweusi, pembe zimepinda nyuma kama majambia mawili. Kenya nzima hayuko porini ila hapo. Hata leo nikikumbuka mdomo hunijaa kicheko, sijui kwa nini.

Kazi yetu ilikuwa njia ya kuteremkia mtoni. Karatasi niliyopewa ilionyesha mstari mmoja ulionyooka, kutoka juu hadi chini, na vipandio vya magogo. Siku ya kwanza kijana mmoja wa Kiduruma, mwembamba, mkubwa kwangu kidogo, akasimama pale juu akasema, "Bosi, hata maji yataipenda njia hii." Akataka tuzunguke na ubavu wa kilima. Kesho yake akarudia, na keshokutwa pia. Nikamuuliza mbele ya wenzake, "Kwani wewe ni injinia?" Wakacheka wote, na tangu hapo jina lake likawa Injinia. Kicheko kile nilikipenda, mwanangu. Ndiyo mara ya kwanza nilihisi kundi ni langu.

Tulichimba siku tisa. Usiku wa tisa ikanyesha, wala si mvua kubwa. Asubuhi magogo yetu yote yalikuwa yamelala mtoni, na palipokuwa njia pana mfereji unaonifika gotini.

Nilingoja wanicheke. Nilikuwa nimeshatayarisha na la kujibu. Hakuna aliyecheka. Injinia alimaliza chai yake, akachukua jembe, akaenda ubavuni mwa kilima akaanza kuchonga vigingi. Wa pili akamfuata, wa tatu, wote. Mimi nikafuata nyuma kabisa na rejista kwapani, maana sikujua pengine pa kusimama.

Kipimo chake kilikuwa chupa ya soda yenye maji nusu. Aliilaza chini, akayatazama maji, akasogeza kigingi. Njia ikateremka polepole, ikageuka, ikarudi, na uso wote wa njia aliulaza kidogo kuelekea bondeni ili maji yavuke na kwenda zao badala ya kuteremka nayo. Mwaka jana ulinipigia kunieleza kanuni mliyofundishwa, kwamba mwinuko wa njia usizidi nusu ya mwinuko wa kilima chenyewe, ukizidi maji yataifanya njia kuwa mto. Nikanyamaza, ukasema, "Mama, mtandao umekatika?" Haukukatika.

Sasa sikiliza linaloniuma. Mkubwa wa mradi alipokuja, aliishuka ile njia mpaka chini, akapanda, akauliza, "Nani aliamua kuipindisha?" Wote walikuwepo. Injinia alikuwa hatua tatu kutoka kwangu, anafuta sururu. Nikasema, "Tuliamua." Mkubwa akatabasamu, akaandika jina langu.

Babako asema sikudanganya. Ni kweli, sikusema "niliamua". Ile "tu" ilimchukua na yeye ndani yake. Lakini "tu" ni pana mno, mtu anaweza kupotelea humo asionekane tena, na mimi nilijua hilo nilipoifungua mdomoni. Kisha najiambia, ningetaja jina lake wangempa nini? Kibarua wa kutwa, hana cheti. Pengine wangemshukuru kwa mdomo tu. Pengine. Mimi waliniongezea miezi sita, na fedha hizo ndizo zilizonunua ile cherehani unayoijua, iliyokulipia karo. Yeye aliondoka na wenzake mwisho wa mwezi, nami nikamwekea alama kwenye rejista kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilimwona mara moja tu baadaye, kwenye feri ya Likoni, na mkokoteni wa madafu. Ulikuwa na miaka mitano hivi. Akakuinamia akasema, "Mamako alikuwa bosi wangu." Akakukatia dafu, ukalimwagia gauni lote, na fedha akakataa. Mpaka leo sijui kama yale yalikuwa maneno ya heshima au alinichoma. Uso wake haukusema kitu. Feri ikafika, watu wakasukumana, tukaachana.

Tangu utotoni nimekuimbia kwamba mwenye kundi hutembea nyuma. Ulipoanza shule nilikwambia, ulipokwenda huko nilikwambia uwanja wa ndege mpaka ukaona haya. Mwenye kundi hutembea nyuma, amwone anayechechemea na aliyechoka. Ni maneno mazuri na nayaamini. Ila sikukwambia siku niliyoanza kutembea nyuma nilikuwa naficha uso.

Usinielewe vibaya. Si kila mbishi ni Injinia. Wengine wapenda tu kusikia sauti zao, na ukiwasikiliza hutamaliza kazi. Na kazi yako si kama yangu. Umeniambia sheria ya 1964 inakataza misumeno ya injini ndani ya mapori hayo, kwa hiyo mnakata miti iliyoanguka kwa msumeno wa watu wawili, mmoja huku mmoja kule, na gogo lililobanwa likikatwa vibaya hufyatuka likavunja mguu, na barabara iko mwendo wa kutwa nzima. Hapo mtu wa kubishana simtaki karibu na mwanangu, awe injinia awe nani. Hapo ningesema mwache, na nisiulize mara mbili.

Lakini umesema "ana la kusema". Umeeleza anavyokunja mikono, anavyotikisa kichwa, umeniigiza hata sauti yake nikacheka. Nimerudia kusikiliza makusudi. Hukunambia anasema nini.

Babako amesoma mpaka hapa akiwa nyuma ya kiti changu. Asema mtoto ameuliza la ndiyo au siyo, mpe. Nimelishika ulimini tangu jana, nimeshakaribia kuliandika mara mbili. Siliandiki. Yule kijana simjui, na huenda nikawa namjibu mwingine.

Soksi za sufi nimempa mtoto wa mamako mdogo, anasafiri mwezi ujao atazituma kwa posta akifika. Kabla ya kuingia porini, hiyo keshokutwa, nipigie. Iwe mchana wetu, tafadhali. Nataka aliyoyasema huyo kijana, neno kwa neno, bila ya kuniigizia.

Mamako